Kandege na Wakati Wake

Mafundisho yaliyosomwa redioni Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nane. Somo: Yeremia 8:7

Tunawasalimu ninyi nyote wa Kapata, na ninyi wa Kolwezi mjini mnaotufuata kwenye redio ndogo za betri. Ninyi papa mnaojitayarisha kwa kazi ya usiku, na ninyi mama ambao bukari bado iko motoni. Mwenye Biblia karibu naye afungue kitabu cha nabii Yeremia, sura ya 8, mstari wa 7. Asiye nayo asikilize tu.

Katika mstari huo nabii anataja ndege wasafiri: korongo apitaye juu angani, hua, mbayuwayu na wenzao. Anasema kila mmoja anayajua majira yake na anashika wakati wa kuja kwake. Kisha anageuka na kuwatazama watu wa Mungu, ambao hawajui yale Bwana aliyoyaagiza. Mhubiri kwa kawaida hukimbilia nusu ya pili, maana ndiyo yenye fimbo. Leo tutakaa kwanza kwenye nusu ya kwanza, kwa kuwa nabii mwenyewe alianzia hapo.

Yeremia alikuwa mtu wa Anathothi, kijiji cha karibu na Yerusalemu. Nchi ile imekaa juu ya njia kubwa ya ndege. Mpaka leo korongo weupe kwa mamia ya maelfu wanapita pale wakishuka Afrika, na baada ya miezi kadhaa wanapita tena wakirudi kwao. Tena Yeremia alikuwa na macho ya kutazama. Katika sura ya 1 ni tawi la mlozi. Katika sura ya 18 ni mfinyanzi na udongo wake. Neno lilimjia akiwa anatazama vitu ambavyo kila mtu wa mji alivipita bila kugeuza shingo.

Tumechagua somo hili kwa sababu ya tarehe. Sisi hapa tuko mwishoni mwa kipwa. Vumbi limejaa barabarani, majani yamekauka, mvua iko mbali. Lakini kule Finlandi, Uswidi na kaskazini ya Urusi ni mwisho wa majira yao ya joto. Siku zinafupika haraka na wadudu wanapungua. Na siku hizi hizi tunapozungumza, kuna ndege mdogo sana ambaye ameanza safari ya kuja upande wetu.

Vitabu vya Kifaransa vinamwita pouillot fitis. Sisi tutamwita kandege ka majani, kwa sababu humo ndimo utakapomkuta, na kwa rangi yake utadhani ni jani lenyewe limetikisika. Mgongoni ni kijani kilichochanganyika na rangi ya udongo. Tumboni ni njano hafifu inayoelekea nyeupe. Juu ya jicho ana mstari mwembamba kama nyusi. Mdomo wake ni kama sindano. Uzito wake ni gramu 10 au pungufu kidogo. Mama uliye jikoni, chukua kijiko cha chai, pima chumvi kijiko kimoja na nusu, weka kiganjani: huyo ndiye, pamoja na mifupa, manyoya na moyo wake.

Sasa tazameni kazi anayoifanya mwenye uzito huo. Anazaliwa chini, kwenye kiota kilichofichwa ndani ya nyasi, chenye paa na mlango wa pembeni. Mtoto aliyetoka kwenye yai mwezi wa sita, mwezi wa nane anaondoka. Wazazi hawamshiki mkono. Anasafiri usiku, na mara ya kwanza anasafiri bila mtu wa kumwonyesha njia. Anavuka Bahari ya Mediteranea, anavuka jangwa la Sahara, akiishi kwa mafuta aliyoyaweka mwilini kwa kula sana kabla ya kuondoka. Kutoka Finlandi hadi hapa kwetu ni karibu kilomita 8,000 kwa mstari ulionyooka. Na kuna ndugu zake wa mbali zaidi. Wataalamu waliwafunga vifaa vidogo sana ndege wa jamii hii hii wanaozaliana mashariki ya mbali ya Urusi, na matokeo yakatolewa mwaka 2018: ndege hao walisafiri kama kilomita 13,000 hadi Afrika ya Mashariki. Ni karibu mara 10 ya umbali wa Kolwezi hadi Kinshasa ukipimwa angani. Na Kinshasa yenyewe, wengi wetu hatujafika.

Anajuaje? Hilo ndilo swali ambalo mstari wetu unaligusa, na watu wamelichunguza kweli kweli. Miaka ya 1950 kule Ujerumani, Franz Sauer aliwaweka ndege wadogo wasafiri ndani ya jumba lenye nyota za taa darini, akaona kwamba wakati wa safari ukifika wanageuza vichwa upande wa kwenda wakizifuata nyota zile. Miaka ya 1960 mwenzake, Eberhard Gwinner, alimchukua huyu huyu kandege wetu, akamweka chumbani ambamo taa zinawaka saa 12 na kuzimwa saa 12, siku zote, mwezi baada ya mwezi. Humo ndani hamna joto la kiangazi wala baridi, hamna mvua wala theluji, wala dalili yoyote ya kumwambia tarehe. Lakini wakati wa kubadilisha manyoya ulipokaribia, alibadilisha manyoya. Wakati wa safari ulipokaribia, usiku hakulala. Alirukaruka ndani ya kizimba mpaka asubuhi.

Kumbe ana saa ndani yake, saa ya mwaka mzima. Gwinner aliona jambo jingine tena, nasi tunaomba mlikumbuke. Saa ile ikiachwa peke yake muda mrefu gizani na kwenye taa za watu, huteleza. Mwaka wake hauwi mwaka kamili tena. Inahitaji mwanga wa kweli wa nje, kurefuka na kufupika kwa mchana, ili irudishwe mahali pake.

Hapa Kolwezi tuko karibu na nyuzi 11 kusini ya ikweta. Mchana wetu mrefu kabisa na mfupi kabisa wa mwaka vinapitana kwa saa moja na robo hivi tu. Wengi hatuoni tofauti. Ndege aliyekaa kwenye mwembe wa Kapata mwezi wa tatu, mvua ikimnyeshea, atajuaje kwamba huko Finlandi theluji itaanza kuyeyuka? Hakuna anayempigia simu. Lakini kabla ya mwezi wa nne kwisha ameondoka, na amevaa vazi jipya, maana huyu ni mmoja wa ndege wachache wanaobadilisha manyoya yote mara mbili kwa mwaka: mara moja kwao, mara moja kwetu. Kwao, tumesema? Anakaa Afrika miezi mingi kuliko kule alikotagwa. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu hangoji kupewa, tangu asubuhi ya kwanza anaokota wadudu kwenye majani yetu.

Ninyi mnaokuja mkesha wa Ijumaa, wazeni hili. Mwezi wa tisa na wa kumi, wakati ninyi mko katika maombi na mji umelala, juu ya paa la kanisa anga lina njia, na wasafiri wako njiani. Hatuwaoni. Mahali pamoja Afrika ambapo watu waliwaona vizuri ni Kenya, kwenye nyumba ya wageni ya Ngulia ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi. Nyumba ile iko mlimani na ina taa kali. Usiku usio na mwezi, ukungu ukishuka mwisho wa mwaka, ndege wasafiri wanapotea ndani ya ukungu, wanaifuata ile taa na kushuka hapo kwa wingi. Tangu mwaka 1969 watu wamekuwa wakiwanasa kwa nyavu laini, kuwavisha pete nyepesi yenye namba mguuni, na kuwaachilia. Wamekwisha kuvishwa mamia ya maelfu. Pete moja ikipatikana baadaye Arabuni au Urusi, ndipo watu wanajua fulani alipita wapi.

Sisi pia tuna taa. Mtu akisimama usiku kwenye kilima karibu na Kapata anaona migodi inang'aa kama mji wa pili. Kwa hiyo asubuhi baada ya usiku wa mawingu mazito, mahali pa kwanza pa kutazama ni miti iliyo karibu na taa hizo, ile ya nje ya uzio, ambako mtu anaruhusiwa kusimama.

Na kutazama kwenyewe kunafundishwa. Mtu wa Kapata amezoea kutazama chini. Chakula chetu kinatoka chini, hakuna ubaya katika hilo. Hata wale waliotafuta shaba katika nchi hii walitazama kwanza maua, maana kuna mimea inayopenda udongo wenye shaba, na vilima vya namna hiyo havina miti mikubwa. Waliosoma majani ndio waliopata madini. Basi tunawaalika kuinua macho kidogo tu, kimo cha mwembe.

Ndege huyu anafika kwetu karibu na mvua za kwanza, mwezi wa kumi zaidi. Ukitaka kumwona, toka asubuhi mapema, jua likianza kupasha majani. Chagua mti wenye majani mapya. Kule porini miti ya miombo hutoa majani mekundu mwishoni mwa kipwa, kabla hata mvua haijanyesha, na kwenye majani mateke ndiko wadudu wanakoanza. Huko ndiko anakokula. Hapa mtaani tafuta kwenye miembe, na kwenye jakaranda zikiwa na maua yake ya zambarau. Usitembee. Simama, ngoja jani litikisike pasipo upepo. Hatulii mahali pamoja. Anaruka tawi hadi tawi, anachokoa chini ya jani, anaendelea. Ukiona ndege wa njano mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, huyo siye, huyo ni mwenyeji wetu wa mwaka mzima. Yule mwenye mdomo mrefu uliopinda, anayenyonya maua, siye pia. Wetu ana nyusi, na sauti yake ya kawaida ni ndogo, kama mtu anayeuliza: hu-iit? Akiimba, wimbo unaanza juu na kushuka polepole mpaka unaisha kama maji yanayomalizika kwenye chupa. Anaimba hata huku Afrika, hasa siku za kukaribia kuondoka.

Kando ya ziwa la Nzilo na kwenye mabwawa yenye matete wako jamaa zake wengine, wakubwa kidogo na wenye makelele, lakini hao ni wagumu. Wanasikika zaidi ya kuonekana. Tuwaache kwanza.

Neno kwa vijana wa manati na ulimbo. Hatuwagombezi kwa ajili ya kuku wala kware. Lakini gramu 10, ukitoa manyoya, zinabaki nini? Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Mungu aliona vema kuwaagiza watu wake kuhusu kiota kilichokutwa njiani, kwamba mama asichukuliwe pamoja na makinda. Katika torati hiyo hiyo yenye mambo makubwa ya vita na wafalme, kuna mahali pa kiota. Ukimkuta kandege amenaswa kwenye ulimbo wa mtu, mafuta kidogo ya kula yanalainisha ulimbo. Fanya polepole, bawa lake ni kama karatasi.

Na neno fupi kwa wenye makala, kwa kuwa tunapika kwa makala sote. Kila mwaka msitu unasogea mbali na mji, na gunia linapanda bei. Miti iliyobaki katikati ya nyumba zetu, miembe na mingine, ndiyo kituo cha msafiri huyu. Ukijenga nyumba, tazama kama ukuta unaweza kuzunguka mti.

Sasa tufike kwenye nusu ya pili ya mstari.

Kesho kutwa mwezi wa tisa unaanza, na Jumatatu ya kwanza ya mwezi huo watoto wa nchi nzima wanaingia masomo. Siku zile zile kandege anapotoka kwenye nyasi za kaskazini, mtoto wa Kapata anatakiwa kutoka nyumbani na shati jeupe na suruali au sketi ya bluu. Na kandege atakapofika kwetu, mwezi wa kumi, itakuwa wiki ya tano au ya sita ya masomo. Hapo ndipo tunapouliza, wandugu: atakapofika kwenye mwembe wa shule, akitazama chini, ataona watoto wangapi? Na wangapi watakuwa kwenye ziwa Malo, maji mpaka magotini, wakiosha mawe?

Mwaka 2014 UNICEF ilikadiria kwamba watoto kama 40,000 walikuwa wakifanya kazi kwenye migodi ya kusini ya nchi yetu. Hiyo ni hesabu ya watu wa ofisi. Sisi wa Kapata hatuhitaji hesabu, tunawajua kwa majina, na majina yao hatutayasema redioni. Katiba ya mwaka 2006 inasema shule ya msingi ya serikali ni bure, na tangu mwezi wa tisa wa 2019 ndivyo ilivyotangazwa kufanyika. Tunajua pia kwamba bure si bure kabisa. Kuna daftari, kuna viatu, kuna sare. Na tunajua kwamba mfuko mmoja wa mawe yaliyooshwa, ukifika depo, unaweka unga mezani jioni ile ile, na daftari haliweki unga jioni ile ile. Mama anayemwacha mtoto aende ziwani tunamheshimu machozi yake. Hatukuja kumpiga kwa mstari wa Biblia.

Lakini kuna tofauti moja kati ya ndege na mtoto, na hiyo ndiyo inayotufanya tusinyamaze. Majira ya ndege yanazunguka. Akichelewa mwaka huu, akipotea kwenye ukungu, wakiwa hai yeye au watoto wake, mwezi wa nane utarudi tena, na mwaka ule mwingine tena. Mtoto ana miaka 7 mara moja. Wakati wake wa kujifunza kuunganisha herufi haupiti juu ya Kapata kila mwaka kama korongo. Na yule mtoto ana saa ndani yake vilevile. Nendeni ziwani Jumatatu ile asubuhi, mtazame wakati wenzao wanapopita barabarani na mashati meupe: kuna wanaoacha kuosha, wanasimama na beseni mkononi mpaka wa mwisho amepita. Ile ni saa inayogonga. Na tumesikia kuwa saa ikifungiwa muda mrefu mbali na mwanga, huteleza.

Mtu atatuuliza: mnahubiri ndege wakati watu wana njaa? Ndugu, Yeremia aliwahubiri ndege wakati jeshi la Babeli lilikuwa njiani.

Basi tumepatana hivi, na wazee wa kanisa wamekubali. Kuanzia kesho mpaka siku ya kuingia masomo, mama wa ushirika watakaa kanisani kila siku baada ya saa ya kula. Mzazi ambaye kizuizi chake ni daftari, kalamu au shati, aje aseme. Hataulizwa mtoto alikuwa wapi mwaka jana. Wenye shati lililomkaa mtoto wao dogo walilete limefuliwa. Mwenye depo anayetusikiliza, na tunajua wako wanaotusikiliza, ana neno moja dogo analoweza kulisema kwa mtoto aliyebeba mfuko, nalo ni hapana.

Kuhusu ndege, tutaanza kutoka Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tisa, kila Jumamosi, ili masomo yasiguswe. Tunakutana mbele ya kanisa alfajiri, kabla jua halijatoka. Watoto wote wanakaribishwa, wanaosoma na wasiosoma; asiye na daftari atalikuta. Tutaandika vitu vinne tu: tarehe, saa, mti, na idadi. Anayejua kuandika atamshika mkono asiyejua. Manati yanabaki nyumbani. Atakuwepo papa mmoja mwenye darubini ya zamani, atawapokeza watoto kwa zamu. Mjue kwamba kwa macho matupu pia anaonekana.

Kuna chai na mikate baadaye. Na kama usiku wa Ijumaa mvua imenyesha, msiseme hatutoki. Tutatoka mapema zaidi, kwa maana baada ya usiku wa mvua ndipo wanaposhuka wengi.